Taa ya injini imewaka: je, kweli kihisi cha oksijeni kimekufa?

Gari letu la kazi, lile linalobeba mafundi mitambo na waandishi kwenda kwenye matangazo ya nje, liliwasha taa ya injini kwenye dashibodi mwanzoni mwa masika. Fundi wa kwanza alichomeka kifaa chake cha kupimia, akatazama kioo, akatoa hukumu: "Bosi, oksijeni sensa imekufa." Tukanunua ya mtumba. Taa ikazimwa kwa mashine, na siku mbili baadaye ikawaka tena. Tukanunua nyingine, mpya safari hii. Ikawaka tena.

Fundi wa tatu hakutaka tununue kitu. Aliwasha injini, akakaa na skana yake kama dakika kumi akisoma namba, kisha akafungua boneti na kupapasa mpira mmoja mdogo wa hewa nyuma ya injini. Ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali pasipoonekana. Mpira mpya ulitugharimu pungufu ya bei ya chakula cha mchana. Vihisi viwili tulivyokuwa tumevilipia havikuhitajika kabisa.

Tulipoisimulia habari hii hewani, simu zilizopigwa zilitufahamisha kwamba hatuko peke yetu. Kwa hiyo leo tunaeleza kwa utulivu: kihisi cha oksijeni ni kitu gani, kwa nini kinasingiziwa mara nyingi hivi, na fundi mzuri anakipimaje kabla hajakuambia utoe pesa.

Kihisi hiki kinafanya kazi gani?

Ili petroli iungue vizuri, inahitaji hewa kwa kipimo. Kwa kila gramu moja ya petroli, injini inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi, mafundi husema mchanganyiko ni mwepesi. Mafuta yakizidi, mchanganyiko ni mzito. Kompyuta ya gari, ambayo mtaani tunaiita kontrol boksi, ndiyo inayoamua ni mafuta kiasi gani yapulizwe na nozeli. Lakini kompyuta haioni ndani ya silinda. Inahitaji mtu wa kuionjea moshi na kuiambia: umezidisha, au umepunguza.

Kazi hiyo ndiyo ya kihisi cha oksijeni. Ni kitu cha chuma chenye umbo linalokaribiana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la moshi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi. Ndani yake kuna kauri maalumu ya zirkonia. Kauri hii ikishapata moto, kwa kawaida kuanzia nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, hulinganisha oksijeni iliyomo kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, kisha hutoa umeme mdogo. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, yaani mchanganyiko ni mwepesi, hutoa kama volti 0.1. Moshi ukiwa hauna oksijeni, yaani mchanganyiko ni mzito, hutoa kama volti 0.9. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko karibu na volti 0.45.

Kihisi kizima hakitulii. Kompyuta ikiambiwa mafuta yamezidi, inapunguza. Ikiambiwa yamepungua, inaongeza. Basi volti hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, muda wote gari linapotembea. Mchezo huo wa kupanda na kushuka ndio unaoweka ulaji wa mafuta sawa.

Teknolojia hii si ya jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976, na Volvo ya Sweden ilikuwa ya kwanza kuifunga kwenye magari yake yaliyokwenda Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekaza. Huku kwetu kihisi hiki kilikuwa na adui mkubwa: petroli yenye madini ya risasi, ambayo huifunika kauri na kuiua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006.

Kiko kimoja au viwili?

Magari mengi ya petroli yanayoingia kwetu kutoka Japani yana vihisi viwili au zaidi. Cha kwanza kipo kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki. Hicho ndicho kinachoongoza mafuta. Cha pili kipo baada ya masega, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega yenyewe bado yanasafisha.

Ukiona fundi anasema "benki wani, sensa wani", maana yake ni kihisi cha kwanza upande wa injini wenye silinda namba moja. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa kawaida ina benki moja tu. Injini ya V6 ina benki mbili, kila moja na vihisi vyake. Tumesikia habari za watu waliobadilishiwa kihisi cha nyuma wakati kilicholalamikiwa ni cha mbele. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe hili: ni kipi hasa?

Dalili, na kwa nini zinadanganya

Kihisi kikichoka, gari linaweza kula mafuta kuliko kawaida, kutoa harufu ya petroli kwenye moshi, kutetemeka likiwa sailensi, au kukosa nguvu. Taa ya injini huwaka, ingawa kihisi kinachozeeka taratibu kinaweza kula mafuta yako kwa miezi kabla ya taa kusema chochote.

Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo zinaletwa na plagi zilizochakaa, koili mbovu, nozeli inayovuja, pampu ya mafuta iliyochoka, au kihisi cha joto la injini kinachoidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi. Hakuna mtu, hata awe fundi wa miaka 30, anayeweza kunusa moshi na kujua kwa hakika kuwa kihisi cha oksijeni kimekufa. Lazima apime.

Namba ya hitilafu inasema nini hasa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Skana ikichomekwa, hutoa namba ya hitilafu inayoanza na herufi P. Namba hiyo inasema ni jambo gani kompyuta haikuridhika nalo. Haisemi ni kipuri gani kinunuliwe. Tuzigawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni namba kutoka P0130 hadi P0135 kwa kihisi cha mbele, na P0136 hadi P0141 kwa cha nyuma, katika benki ya kwanza. Hizi zinahusu kihisi chenyewe au nyaya zake. P0133, kwa mfano, inamaanisha kihisi kinajibu polepole. P0135 na P0141 zinahusu hita, yaani kijiko kidogo cha kupashia moto kilichomo ndani ya kihisi ili kianze kazi mapema. Hata katika kundi hili, kosa laweza kuwa waya uliokatika, soketi iliyoingia maji au fyuzi iliyoungua.

Kundi la pili ni P0171, mchanganyiko mwepesi mno, na P0172, mchanganyiko mzito mno. Gari letu lilitoa P0171. Hapa, mara nyingi, kihisi kinasema kweli. Kimeonja moshi, kimekuta hewa imezidi, kimetoa taarifa. Kukibadilisha ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi wakati mwizi yuko ndani.

Kundi la tatu ni P0420, ufanisi mdogo wa masega. Hapa kihisi cha nyuma kimeona kwamba moshi unaotoka haujasafishwa. Huenda masega yamechoka, huenda bomba linavuja, na huenda masega hayapo kabisa: yalikwishatolewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake ya platini, paladiamu na rodiamu, likabaki bomba tupu. Kununua kihisi kipya hakutarudisha masega yaliyouzwa.

Hatua za kupima

Utaratibu tunaouandika hapa hauhitaji karakana kubwa. Unahitaji skana inayoonyesha namba zikibadilika injini ikiwa inawaka, mita ya umeme ya kidijitali, na subira. Fanyeni kazi hii mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa gari una sumu ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Na kumbukeni bomba la moshi linaunguza.

1. Kagua kwa macho na masikio. Injini ikiwa baridi, iwashe na usikilize kama bomba la moshi linavuja kati ya injini na kihisi. Mvujo wa hapo huvuta hewa ya nje na kuiingiza kwenye moshi, kihisi kinaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda. Angalia pia nyaya za kihisi: zimeyeyuka kwenye bomba? Zimetafunwa na panya? Zimeungwa kwa plasta?

2. Hakikisha injini haimisi. Silinda moja isipowaka, hewa yake hutoka nzima nzima bila kuungua. Kihisi kitaona oksijeni nyingi na kusema mchanganyiko ni mwepesi, hata kama petroli inamwagika humo. Plagi na koili zitengenezwe kwanza.

3. Pima hita. Kihisi chenye waya nne kina waya mbili za hita, na kwa kawaida hizo mbili hufanana rangi. Chomoa soketi, weka mita kwenye ohmu, pima kati ya waya hizo mbili upande wa kihisi. Kwa magari mengi utapata ohmu chache, hadi kama 20 hivi. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, hita imekatika na hapo kihisi kina hatia ya kweli. Ikiwa hita ni nzima, washa gari na upime kama umeme wa volti 12 unafika upande wa pili wa soketi. Usipofika, tafuta fyuzi kabla ya kutafuta duka.

4. Tazama volti zikicheza. Injini ikiwa imepata moto kamili, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Volti za kihisi cha mbele zitapanda juu na kushuka chini bila kukoma; kwa kihisi kizima tarajia angalau mara nane ndani ya sekunde 10. Cha nyuma chapaswa kutulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7. Cha nyuma kikicheza sawasawa na cha mbele, masega hayafanyi kazi.

5. Kilazimishe kusema pande zote mbili. Kanyaga mafuta ghafla: mchanganyiko unakuwa mzito na volti zapaswa kuruka hadi 0.8 au zaidi. Ukishafika mizunguko kama 3,000, achia mguu ghafla: kompyuta inakata mafuta, na volti zapaswa kuporomoka karibu na sifuri. Kihisi kinachofanya yote mawili upesi ni kizima, kiache. Kinachopanda kwa kujikokota kama mgonjwa kimezeeka. Kinachoganda hapo katikati karibu na 0.45, katika magari mengi, ni dalili kwamba hakijapata moto au waya wake umekatika.

6. Soma masahihisho ya mafuta. Hii ndiyo hatua iliyotuokoa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kwenye skana yameandikwa STFT, ya muda mfupi, na LTFT, ya muda mrefu, kwa asilimia. Namba chanya inamaanisha kompyuta inaongeza mafuta. Hasi inamaanisha inapunguza. Kati ya -10 na +10 hakuna la kutisha. Yakizidi hapo sana, kuna kitu.

Gari letu likiwa sailensi, lilionyesha +27. Fundi akapandisha mizunguko hadi 2,500, namba ikashuka hadi +6. Akatabasamu. Akatueleza hivi: mpira wa hewa uliopasuka huingiza hewa ileile kidogo muda wote. Injini ikiwa imetulia inahitaji hewa kidogo, hivyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa na inaharibu hesabu. Injini ikikimbia, hewa halali ni nyingi mno, na ile ya wizi haionekani tena. Ingekuwa kinyume, namba inapanda kadiri injini inavyofanya kazi ngumu, angeshuku pampu ya mafuta, chujio la mafuta, au kihisi cha kupimia hewa kilichojaa vumbi.

Kihisi cha oksijeni kilikuwa kimesema kweli tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekisikiliza.

Tahadhari: vipo vihisi vya aina nyingine

Magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, ya Toyota yakiwemo, yamefungwa mbele kihisi cha aina tofauti kinachopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Kwa nje kinafanana na kile cha zamani. Lakini hakichezi kati ya 0.1 na 0.9, na katika vingi vyao volti zikipanda maana yake mchanganyiko ni mwepesi, kinyume kabisa na tulivyoeleza hapo juu. Mtu akikipima kwa kanuni za zamani atasema kimekufa kumbe ni kizima. Vilevile aina hizi mbili hazibadilishani. Kabla ya kupima au kununua, soma namba ya kipuri iliyochorwa kwenye kihisi chenyewe.

Kama kweli kimekufa, kimeuawa na nini?

Kihisi kizima hudumu miaka mingi. Kikifa mapema, ulizia sababu, la sivyo kipya kitafuata njia hiyo hiyo. Kitoe na ukiangalie ncha. Masizi meusi makavu: mafuta yamezidi kuunguzwa. Utando wa mafuta, wenye rangi ya kahawia au nyeusi ing'aayo: injini inakula oili. Unga mweupe: huenda ni silikoni, ile gundi ya kuzibia gasketi iliyopakwa kwa mkono wa ukarimu. Kulanti inayovuja ndani ya silinda, kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua, nayo hukichafua na kukiua.

Wapo wanaokiosha kwa petroli au kwa brashi ya waya. Hatushauri. Brashi inaharibu utando mwembamba wa nje, na uchafu ulioingia ndani ya kauri hautoki kwa kuoshwa.

Kununua na kufunga

Kihisi cha mtumba ni bahati nasibu, kwa sababu kimeshatumia sehemu ya maisha yake kwenye gari usilolijua. Ukilazimika kukinunua, mwombe muuzaji apime hita mbele yako. Ni kazi ya dakika moja. Kikiwa na waya nne na chako kilikuwa nazo nne, hiyo pekee haitoshi: linganisha namba.

Kwa kufunga, kihisi hufunguliwa vizuri zaidi bomba likiwa na uvuguvugu, kwa spana namba 22 iliyo na mkato wa kupitisha waya. Grisi maalumu ya joto hupakwa kwenye nyuzi za skrubu tu. Ikigusa ncha, umekiharibu kabla hakijaanza kazi. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji, kauri yake yaweza kupasuka bila kuonekana. Baada ya kufunga, futa namba ya hitilafu, tembeza gari siku mbili tatu, kisha soma tena masahihisho ya mafuta. Hapo ndipo unajua umepona au umezima taa tu.

Usiishi na taa

Wengine wanachagua kuifunika taa kwa kipande cha plasta na maisha yanaendelea. Tunawasihi msifanye hivyo. Injini inayounguza mafuta kupita kiasi huosha oili kwenye kuta za silinda na kuzila ringi. Petroli isiyoungua huenda kuwakia ndani ya masega, ambayo yanaweza kupata moto hadi kuyeyuka na kuziba bomba. Gari linakosa nguvu, na sasa deni si la kihisi tena. Halafu kuna wanaotembea nyuma yako, na watoto wanaosubiri daladala kando ya barabara, wanaovuta moshi huo.

Basi, siku taa itakapowaka, nenda kwa fundi na maswali manne. Namba ya hitilafu ni ipi, niiandike? Ni kihisi kipi, cha mbele au cha nyuma? Umekipima vipi, naomba nione volti zikicheza? Na masahihisho ya mafuta yanasemaje, gari likiwa limetulia na likiwa kwenye mizunguko 2,500? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Wetu alifurahi kuulizwa, akatugeuzia kioo cha skana ili tuone wenyewe. Gari letu sasa lina mpira mpya wa hewa, na vile vihisi viwili viko kwenye droo ya ofisi, vikitukumbusha kuuliza kwanza.